Mama Asiyetoka Jasho

Nitaanza na wembe, maana ugonjwa wangu ulijionyesha hapo kwanza, ingawa mwenyewe sikuuona. Kabla ya kujifungua nilinunua wembe dukani pale Mikumi kwa ajili ya siku ya arobaini. Mwanamke wa kwetu akifikisha arobaini ya uzazi ananyolewa, anaogeshwa, ndipo anatoka nje. Nikanyolewa, nikaogeshwa, nikatoka. Wembe nikauchomeka ukutani juu ya kitanda, usubiri siku nyingine. Siku nyingine haikuja. Masika ikapita, kiangazi kikapita, wembe uko palepale unang'aa, na mimi najisemea, alhamdulillahi, kazi moja imepungua.

Usicheke. Au cheka tu, lakini unisikilize mpaka mwisho. Naandika sasa kwa sababu nimepata nguvu za kucheka na mimi, na kwa sababu najua yuko mwanamke mahali fulani amekaa kwenye benchi la hospitali, amejifunika kanga tatu jua likiwaka, na nyuma yake kuna watu wanaomwita mvivu. Huyo ndiye ninayemwandikia. Wengine karibuni, pa kukaa papo.

Jina langu Mwanahawa. Baba yangu alikuja Rudewa na wale manamba waliokata mkonge, akaoa hapohapo, nikazaliwa kwenye kambi ya shamba. Tangu utoto mimi ni mtu wa kuuliza. Nilipovunja ungo nikawekwa ndani, na somo yangu, mwanamke mkali mwenye sauti nyembamba, akanifundisha mambo ya mwili. Nikamuuliza damu inatoka wapi na kwa nini inajua mwezi umeandama. Akanifinya paja. "Mambo yote ya mwanamke yako chini ya kitovu," akasema. "Mengine ni adabu." Basi nikaolewa na Shabani, fundi wa gengi la reli, tukahamia Mikumi, nami najua kila kitu kiko chini ya kitovu.

Mwajuma alizaliwa nyumbani, mchana, mtoto mzima mwenye sauti. Kondo ndilo lililokataa kutoka upesi, na lilipotoka damu ikaja nyuma yake. We acha tu. Mkunga akawa anakanda tumbo, mama mkwe anabadilisha vitambaa, mimi nasikia masikio yanavuma na naona paa la nyumba linapanda juu. Nakumbuka mama mkwe akinipiga makofi mashavuni, "Mwanahawa, usilale! Nakwambia usilale!" Damu ilikata baadaye. Watu wakasema nimepona, wakanipa uji wenye pilipili manga.

Maziwa hayakuja.

Nilipewa supu ya kuku. Nilipewa uji wa mtama, nikapewa karanga mbichi nitafune, mama mkwe akanikanda kifua kwa maji ya moto mpaka nikalia. Hakuna hata tone. Mwajuma ananyonya, anaachia, ananitazama, kisha analia kwa hasira ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Wifi yangu Tausi, dada yake Shabani, alikuwa na mtoto mchanga Rudewa, na kifua chake kilikuwa kinalowesha gauni hata akisikia paka analia. Akaja kumchukua. Nilimfunga Mwajuma mgongoni kwa wifi yangu kwa mikono yangu mwenyewe, na nilishukuru, na iliniuma vibaya sana.

Ndipo nikaanza kujiuliza kweli. Tausi amezaa, mimi nimezaa. Vifua tunavyo wote, changu hata ni kikubwa kuliko chake. Ni nani anayeyaambia maziwa, kwa huyu yashuke, kwa huyu yasishuke? Nilimuuliza mama mkwe. Akasema ni mipango ya Mungu. Nikasema sawa, lakini Mungu naye ana njia anayopitishia mambo, na mimi nataka kuijua njia yenyewe. Akaniambia nilale nipumzishe ulimi.

Kulala, mwenzangu, nililala. Mwaka huo tulihamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, upande ule reli inapokaribia Mikumi, tukapewa viwanja kwa mistari na shamba la kijiji tulime pamoja, na wembe nikauchomeka kwenye ukuta mpya. Wenzangu wanaamka na kengele ya balozi wa nyumba kumi, mimi nanyanyuka kama niliyebeba gunia. Baridi ikaniingia. Mikumi, mwezi wa kumi na moja, kuku wanahema midomo wazi, mimi nimevaa sweta la Shabani. Ngozi ikawa kavu, inakwaruza. Sauti ikawa nzito, nikiita "hodi" watu wanaitika wakidhani ni mwanaume. Hedhi nayo haikurudi. Mwanzoni tulidhani ni mimba, mama mkwe akaanza hata kutafuta jina. Tumbo likakaa palepale.

Na sikutoka jasho. Hili ndilo lililoniponza, maana kijiji chetu kilipenda jasho kuliko mahindi. Kwenye mkutano mwenyekiti hamalizi kusema bila kulitaja. Tukitoka shambani kila mtu gauni limeshika mgongo, mimi niko mkavu. Siku moja mama mmoja mwenye maneno mengi akanipapasa mgongoni mbele ya watu.

"Jamani, njooni muone! Mkavu! Huyu jembe alikuwa analishika au alikuwa analitazama?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Tumehama na kupe." Enzi hizo kumwita mtu kupe halikuwa jambo dogo, ni kusema anakula vya wenzake. Nilirudi nyumbani nikalia, na hata machozi yalikuwa machache.

Shabani alinitetea mkutanoni, kisha nyumbani akanyamaza, na kunyamaza kwake kulinichosha zaidi ya maneno ya wale. Hakunisema, hakunigusa. Nami sikutamani kuguswa, moyo huo ulikuwa umezimika kabisa. Mama mkwe akaanza kumtaja binti fulani wa Msowero, mchapakazi, ana kwao kuzuri. Anamtaja huku anachambua mchele, hanitazami.

Lakini lililonikosesha raha hasa lilikuwa Mwajuma. Nilikwenda kumwona Rudewa alipoachishwa ziwa. Alikuwa anatembea, anaongea, ana meno mazuri. Tausi akamwambia, "Nenda kwa mama yako." Mtoto akaenda kwa Tausi. Mimi aliniita Mama wa Mikumi, kama unavyomtaja mtu anayeleta zawadi na kuondoka. Nikasema nimekuja kumchukua. Nikamwinua, hatua chache tu, magoti yakakatika, nikakaa chini naye uani.

Tausi hakuwa mtu mbaya. Alinishika mkono akanikalisha kwenye mkeka. "Wifi, huyu amenyonya kwangu, ni ndugu wa wanangu sasa, hawezi hata kuolewa nao. Sitaki kumtoa akateseke. Siku utakayoweza kumbeba mgongoni kutoka stesheni mpaka mlangoni kwako bila kumweka chini, njoo umchukue. Sitasema neno."

"Na nisipoweza?"

"Basi yuko kwao hapa," akasema, akainama kuwasha moto.

Masika iliyofuata nilipata homa, homa ya kawaida ya masika ambayo kila mtu kijijini aliipata na kuinuka. Mimi sikuinuka. Nilianguka shambani, nikatapika mpaka nikatoa nyongo, na yule mama mwenye maneno mengi ndiye aliyenibeba mpaka barabarani, huku analia kwamba hakujua. Shabani akanipandisha treni ya kwenda Kilosa nimelala kwenye magunia.

Hospitali ya Kilosa nilianza kwa benchi. Benchi nalijua kila fundo lake. Ukikaa pale utajua habari za kila mtu: nani kaja na mguu, nani na mtoto, nani kaja kumkimbia mume. Bibi mmoja wa Zombo alinifunika kitenge chake bila kuniuliza, akaendelea kutafuna mswaki. Mpaka leo sijui jina lake, nami namwombea.

Nikalazwa. Kwinini ikaondoa homa, lakini nguvu hazikurudi, na kila daktari akinipima shinikizo la damu anakunja uso. Alikuwa kijana, amemaliza masomo si zamani, na alikuwa na ugonjwa kama wangu: anapenda kuuliza. Alivuta kigoda akakaa. Shabani alikuwa amesimama upande wa miguuni.

"Mama, ulipojifungua ulitoka damu nyingi?"

"Nyingi sana."

"Maziwa?"

"Hayakuja."

"Hedhi?"

"Tangu hapo, hapana."

Akamtazama Shabani, akanitazama mimi, akashusha sauti. "Samahani, naomba usione nakuvunjia heshima. Nywele za sirini, na za kwapani. Zilirudi baada ya uzazi?"

Shabani akageukia dirishani kutazama mti. Mimi nikavuta shuka mpaka kidevuni. "Daktari, sisi tunanyoa. Hatuachi."

"Sawa, sawa," akasema haraka, akainuka. Alikuwa ameaibika kuliko mimi. Amekwisha kufika kitanda cha pili ndipo akilini nikauona ule wembe ukutani kwangu, unang'aa vilevile kama siku niliyoutoa dukani.

"Daktari, ngoja!" Sauti yangu nzito ikajaza wodi. "Tunanyoa, lakini mimi sijanyoa. Tangu arobaini. Hakuna cha kunyoa!"

Wodi nzima ikageuka. Shabani alitamani ardhi impasukie. Daktari akarudi kwenye kigoda chake na macho yamemtoka, akapapasa ngozi yangu, akanigonga magoti kwa kirungu chake, akaita muuguzi, sindano ikachomwa kwenye mshipa. Kesho yake asubuhi nikakaa kitandani peke yangu. Nikaomba ugali. Nilikuwa sijaomba chakula tangu Mwajuma azaliwe, nilikuwa napewa tu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye utamu. Nilimwambia daktari sitatoka wodini mpaka anieleze. Akasema, "Mama, shida yako iko kichwani." Nikamwambia wengi wamekwisha kusema hivyo. Akacheka, akasema hapana, si akili. Nyuma ya pua, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo, ukubwa wa punje ya choroko. Hiyo inatoa homoni.

"Inatoa nini?"

"Homoni. Ni kama ujumbe, unasafiri ndani ya damu."

Nikamwomba alirudie neno hilo. Homoni. Nikalitia mdomoni nikaona linakaa.

"Kwa hiyo maziwa yanatoka kichwani?"

"Yanatengenezwa kifuani. Amri inatoka kichwani."

"Na hedhi?"

Akanichorea tumbo juu ya boksi la bandeji. Vifuko viwili vya mayai, kimoja kushoto kimoja kulia. Kila mwezi ile choroko inapeleka ujumbe, yai linakomaa. Vile vifuko navyo vinapeleka ujumbe wao kwenye mji wa uzazi: tandika, mgeni anaweza kuja. Mji unajitandika damu laini. Mgeni asipokuja, matandiko yanatupwa nje. Ndiyo hedhi yenyewe.

"Loo! Kumbe ni matandiko!" Nilipiga kofi. Miaka yote ile, na paja langu lilivyofinywa.

"Na jasho? Na baridi? Na nywele?"

Yote, akasema. Tezi ya shingoni inayotia mwili joto, vitezi vilivyokaa juu ya figo vinavyokusimamisha ukipata homa, vyote vinangoja amri ya ile choroko. Mimba ikiingia, choroko inanenepa, inataka damu nyingi. Mimi nilipovuja damu ile siku ya uzazi, yenyewe ikakosa. Ikafa, mimi nikabaki.

Hapo nikamkumbuka baba. Kambini Rudewa kulikuwa na kipande cha reli kimening'inizwa, na mzee mmoja kazi yake kukigonga alfajiri. Akigonga, wakata mkonge wanakwenda, mashine inawashwa, wapishi wanabandika. Asubuhi moja hakugonga, alikuwa amefia kitandani. Jua likapanda, watu mamia wamekaa mbele ya vyumba vyao, wazima, visu mikononi, wanangoja. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka kile kimya. Nikamwambia daktari, basi mimi ndivyo nilivyo. Mayai yapo, kifua kipo, wote wamekaa na visu vyao. Akanitazama akasema angependa kuwaeleza wenzake hivyo hivyo. Nilijisikia mtu, baada ya muda mrefu.

Vidonge vikaja kutoka Dar es Salaam kwa treni. Kwanza vya kotisoni, baadaye vya tezi ya shingoni, na akanionya nisigeuze utaratibu huo wala nisiache kabisa, kila siku mpaka kufa kwangu, na nikipata homa niongeze vya kotisoni kwanza, kisha nije mbio. Vidonge ndio mgonga reli wa kukodi. Nikamuuliza swali la mwisho, lile nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo. "Na kengele ya watoto? Hiyo ina kidonge?"

Hakunidanganya. "Hapa kwetu, hapana. Sidhani kama utazaa tena, mama."

Nilifikiri nimejiandaa. Sikuwa nimejiandaa. Nililia siku hiyo yote, na ajabu ni kwamba machozi yalikuwa mengi, yanatiririka mpaka masikioni. Hata kwenye kilio nikajiuliza, je, na haya ni homoni? Shabani akakaa pembeni ya kitanda. Nikamwambia amchukue yule wa Msowero, sitagomba. Akasema, "Nilidhani umenichoka. Miaka yote hii nilidhani umenichoka mimi." Akatoa chungwa mfukoni, akanimenyea. Kwenye habari ya Msowero hakusema lolote, wala sikuisikia tena mpaka leo.

Nilirudi kijijini na vuli. Mambo hayakuja kwa mara moja. Sauti ilirudi kwanza, mama mkwe akasema, "Ah, mwanamke karudi nyumbani." Kisha ngozi ikalainika. Sweta nikamrudishia mwenyewe. Kila baada ya muda nilipanda treni kwenda Kilosa kuchukua vidonge, benchi lilelile, nikawa mimi ndiye ninayewafunika wengine kitenge. Kama uko pale sasa, nakuambia: ulitoka damu nyingi ukizaa, maziwa hayakuja, mwezi wako haujarudi, wembe wako haujaguswa, basi yaseme yote, hata daktari awe kijana, hata mume awe amesimama hapo. Aibu yangu ya dakika moja ilikuwa imebaki kidogo tu inizike.

Nyumbani nilifanya mazoezi kwa siri. Nilijifunga mgongoni gunia la mahindi, nikatembea kutoka kwangu mpaka kwenye reli na kurudi. Wenzangu wakaniuliza nampeleka wapi mtoto wangu gunia. Nikawajibu linaumwa, nalipeleka kliniki.

Kiangazi kilipokaza nikaenda Rudewa. Tausi aliniangalia toka juu mpaka chini, akanigeuza kama mtu anunuaye ng'ombe. Hakusema neno, kama alivyoahidi. Alimfungia Mwajuma nguo zake, akaenda kusimama nyuma ya jiko, na nilijua analia. Nilimfuata nikamkumbatia. Nilimwambia atabaki na mama wawili, na nilimaanisha. Mtoto yeye alilia mpaka Kilosa, akanyamaza ndani ya treni, akanikalia mbali, akanitazama jinsi alivyonitazama siku ile ya kwanza, mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

Tulishuka Mikumi jua la saa nane. Shabani alikuwa kazini kwenye gengi, na sikutaka wa kunipokea. Nikachuchumaa. "Panda."

"Nina miguu," akasema Mwajuma.

"Najua. Panda tu leo."

Akapanda. Nikamfunga kanga, nikainuka. Alikuwa mzito kuliko gunia, maana gunia halipigi mateke. Tukapita dukani, tukapita kwa mwenyekiti, tukaingia njia ya shamba la kijiji wenzangu wakipalilia. Yule mama mwenye maneno mengi akainua jembe akaniita, sikuitika, nilikuwa sina pumzi ya kugawa. Magoti yalitetemeka. Moyo ulipiga mpaka kwenye meno. Niliona mlango wangu, ule wa bati jipya, nikaushikilia kwa macho.

Mwajuma akaacha mateke. Kisha nikasikia kidole chake kidogo kinapita shingoni mwangu, taratibu, kinarudi, kinapita tena.

"Mama," akasema, na neno "wa Mikumi" hakulitaja. "Mama, unavuja maji."

Nikapeleka mkono shingoni. Gauni lilikuwa limeshika mgongo, na la kwake limelowa kwa la kwangu. Nikacheka huku natembea, nikapita mlangoni naye.